Sauti ya Mchangiaji

Siku Siwema aliponyang'anywa mama yake alikuwa uani anachuja asali, mikono yote miwili inanata mpaka viwikoni. Muuguzi wa Mfuko wa bima ya afya, binti mrefu mwenye haraka zake, alisukuma mlango wa bati akaita kabla hodi yake haijaitikiwa.

"Mama Shani! Mama Shani, upo?"

Na mama, aliyekuwa mkekani anachambua mchele, akaitika bila kusita. "Nipo mwanangu. Karibu, pita."

Kitambaa cha kuchujia kilimponyoka Siwema kikazama ndooni. Mtaa mzima wa Isevya, pale Tabora, ulimjua bibi yule kwa jina moja tu: Mama Siwema. Ndiyo desturi. Ukizaa unavikwa jina la kifungua mimba wako na unazikwa nalo, hata kama kifungua mimba mwenyewe ni mwizi wa kuku. Siwema hakuwa mwizi wa kitu chochote. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, aliyeachika mara moja na hakutaka kurudia, anayeuza asali na kumuuguza mama yake mwenye sukari. Shani alikuwa kitinda mimba, na Siwema ndiye aliyembeba mpaka mbeleko ikamwachia alama begani.

Muuguzi alichuchumaa, akautazama mguu wa mama, akaubonyeza pembeni mwa kidonda.

"Kinakauka vizuri sana. Kwa kweli Shani anakutunza, mama."

"Yule mtoto, acha tu," mama akasema, macho yamemlegea kwa furaha. "Mungu amenipa."

Kidonda kile Siwema alikiosha kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu, akakifuta, akakipaka dawa, akakifunga. Alitaka kusema hivyo. Badala yake aliuliza kama muuguzi angependa asali kidogo, na muuguzi akasema angependa, akaondoka na chupa ya bure.

Mlango ulipofungwa Siwema hakuweza kujizuia.

"Mama, yule amekuitaje?"

"Nani?"

"Muuguzi. Amekuita Mama Shani, nawe ukaitika."

"Kwani Shani si mwanangu?"

"Wewe ni Mama Siwema. Toka nizaliwe."

"Jamani, Siwema! Nikiitwa hivyo wewe unapungua kilo?"

Bangili iliyokuwa kwenye mkono wa mama ikawaka kijani. Ikasema kwa sauti ya Shani, ile sauti yenye kicheko ndani yake: "Mama yangu, presha yako imepanda kidogo. Nani kakuudhi?"

"Hakuna, mwanangu," mama akaiambia bangili. "Ni dada yako tu."

*

Mambo ya bangili yalikuwa hivi. Hapo zamani mtu alilipa mchango wa bima ya afya kwa simu, akapokea ujumbe wa kumshukuru, akaendelea na shughuli zake. Wazee wakawa na bima kamili, na dawa wamezifunga kwenye pindo la kanga hawazimezi. Wataalamu wa Mfuko wakatafiti miaka na miaka, wakagundua jambo ambalo bibi yeyote angewaambia bure: mzee hamsikii daktari, humsikia mwanawe. Ndipo wakatengeneza bangili inayopima sukari na presha kupitia ngozini, halafu inasema. Na ili iseme kwa sauti inayosikilizwa, ikapitishwa sheria kwamba anayelipa ndiye anayesikika. Ukilipa kwa simu yako, simu inakusomesha sentensi chache, inajifunza unavyovuta maneno, unavyoguna na unavyocheka, kisha mashine inajitungia yenyewe ya kusema, kutwa nzima, kulingana na hali ya mgonjwa. Watu waliipenda sana sheria hiyo. Mchango umetoka kwako, na sauti itoke kwako, nani angebisha?

Siwema angebisha, ila hakuna aliyemuuliza.

Maana Shani mwenyewe alikuwa chini ya bahari. Simaanishi amezama. Alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni inayochimba madini kwenye sakafu ya bahari, mbali huko kusini, na zamu moja ya kule chini ni miezi minane bila simu wala barua wala salamu. Simu yake aliiacha nchi kavu, kwenye kabati la kampuni, na kila tarehe mosi simu hiyo ililipa mchango wa mama yenyewe kwa maagizo aliyoiachia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuiona bangili. Shani hakuwepo, na lake lote lilikuwepo: alimwamsha mama, alimtania, alimuuliza ameota nini, alimtembeza uani mizunguko ya mazoezi huku akimsifu kila hatua. Siwema akisema, "Mama, usitie sukari kwenye chai," aliambiwa ana roho mbaya, anambania mzazi. Bangili ikisema maneno hayohayo, mama alisukuma kikombe pembeni. "Haya mwanangu, kwa ajili yako."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba bangili ilimtuma. "Mama, mwambie dada akupashie maji." "Mama, dada yuko wapi, akusaidie kuinuka." Naye alikwenda akapasha maji, akarudi akamwinua mama, na shukrani zikaenda mkononi kwa Shani. Siwema alikuwa na wivu. Alijua ni wivu, hakujidanganya kuwa ni uchovu au mambo ya umri. Aliamka nao asubuhi na jioni alilala nao.

Tangu siku ile ya muuguzi, majirani nao walianza. Labda walikuwa wameanza zamani, na yeye ndiyo kwanza masikio yake yamezibuka. Mama Shani hajambo? Msalimie Mama Shani. Mama Shani ametuahidi mbegu za bamia. Kila aliposikia aliitikia vizuri, na kila aliyesema alimwandika moyoni.

*

Tarehe mosi ilipofika, Siwema alijifungia stoo, katikati ya ndoo za asali, akaitoa simu.

Alikuwa amejua kwa muda mrefu kwamba Mfuko hupokea mchango wa atakayewahi. Simu ya Shani ililipa baada ya adhuhuri. Yeye alikuwa na pesa za asali ya msimu mzima, na asubuhi nzima mbele yake. Akaandika namba ya bima ya mama, akaweka kiasi, akabonyeza. Simu ikamjibu kwa maandishi ya adabu:

*Mwanachama huyu ana mchangiaji tayari. Je, unataka kuchukua nafasi yake? Mabadiliko haya yatadumu mwaka mmoja.*

Kipengele hicho cha mwaka kiliwekwa kwa sababu watoto wa watu walikuwa wakigombea wazazi kila mwezi, leo huyu, kesho yule, na wazee walichanganyikiwa mpaka wengine wakazivua bangili wakazitupa chooni. Siwema aliisoma habari ya mwaka mara mbili. Mwaka mzima. Alipenda jinsi ilivyosikika.

Akaweka dole gumba. Simu ikalikataa. Akalifuta kwenye gauni, simu ikalikataa tena, maana asali haifutiki hivyo. Akalilamba, akalikausha, akaliweka mara ya tatu, na simu ikakubali. Halafu ikamtaka asome sentensi kumi ili imjue sauti yake. Alizisoma kwa upole wote aliokuwa nao, akajaribu hata kucheka mahali palipoandikwa acheke.

Mchango wa Shani ulipofika baadaye ulikuta nafasi imejaa, ukarudi ulikotoka. Kule chini ya bahari hakuna aliyejua.

*

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Bangili ikasema kwa sauti ya Siwema, "Mama, saa ya dawa," na mama akainuka kwa fimbo yake, akajikokota mpaka jikoni.

"Umeniita?"

"Sijakuita, mama. Ni bangili."

Akarudi kukaa. Bangili ikasema, "Mama, unyooshe mgongo," na mama akapaza sauti kuelekea jikoni, "Nimenyoosha! Kwani unanichungulia?" Mpaka mchana alikuwa amekwenda na kurudi kiasi cha kumaliza mazoezi ya wiki. Siwema alicheka peke yake juu ya sufuria. Alijiambia atazoea; kipya hakikosi usumbufu.

Jioni mama alimwita, safari hii kwa sauti ndogo.

"Shani yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama. Chini ya bahari."

"Mbona simsikii?"

Hapo ndipo Siwema alipaswa kusema ukweli, na ungekuwa ukweli mwepesi, wa siku moja. Lakini macho ya mama yalikuwa yakimtafuta Shani usoni mwake, na hilo lilimchoma.

"Mtandao tu, mama," akasema. "Shani yuko mzima."

Mama akayarudia maneno yale taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Yuko mzima."

"Ndiyo."

"Mjomba wako Kapera alipokufa Dodoma, uliniambia hivyohivyo. Yuko mzima, mama, jana kanywa uji. Mkaja kuniambia mmeshamzika."

Na ilikuwa kweli. Wazee wa ukoo ndio walioamua siku ile kwamba dada wa marehemu ana presha, asiambiwe ghafla, na Siwema akapewa kazi ya kudanganya kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Alidanganya vizuri sana. Aliuelezea hata ule uji. Wagonjwa na wazee hufichwa misiba kila mahali, hakuna anayeona ni dhambi. Lakini aliyefichwa mara moja hujifunza dalili zake. Simu zinapotea. Jina la mtu linaanza kutajwa kwa uangalifu. Na mwana aliyekuwa mkali anakuwa mpole ghafla, kama vile Siwema alivyokuwa mpole kwenye bangili tangu asubuhi.

"Mama, wallahi, Shani hajafa."

"Nani kasema kafa?" mama akauliza. Akavuta kanga akajifunika kichwa.

*

Kesho yake hakula. Keshokutwa yake alikunywa maji tu. Dawa alizipokea kiganjani, akazitazama, akazirudisha kwenye kisahani.

Bangili ilimbembeleza. "Mama yangu, tafadhali, kidonge kimoja tu." Siwema alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mtori anasema karibu maneno hayohayo, hivyo alijisikia anakataliwa mara mbili kwa mpigo, yeye wa nyama na yeye wa mashine. Shani alikuwa hana hata sauti tena katika nyumba ile, na bado alikuwa anamshinda. Kunyamaza kwake tu kulimjaza mama kifua kizima. Siwema alitamani, Mungu amsamehe, kuipigiza ile bangili ukutani.

Alasiri akaja Bi Chausiku, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mzito anayeheshimika kwa kuosha maiti na kupatanisha ndoa. Akamvuta Siwema mpaka nyuma ya choo.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba. Mwanangu, tuambie sisi. Sisi watu wazima tutajua pa kuanzia."

"Hakuna kitu, Bi Chausiku. Shani ni mzima."

"Ndivyo inavyotakiwa kusemwa," Bi Chausiku akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umelelewa. Lakini mimi si mgonjwa, mimi niambie. Ni ajali ya mtambo? Mwili wataleta au wanazika hukohuko majini?"

"Nakwambia hajafa!"

"Basi, basi. Usipandishe sauti, mama yako atasikia."

Kesho yake yakaja majamvi mawili yamekunjwa, yakaegemezwa ukutani kimyakimya. Baadaye ikaja sufuria ya shughuli, ile kubwa ya mtaa. Wanawake wakawa wanaingia, wanamsalimu mama bila kumtazama usoni, wanakaa. Mama akawauliza, "Mnanificha nini?" nao, kwa kuwa kweli hawakujua chochote, wakainamisha macho. Hakuhitaji jibu jingine.

Muuguzi wa Mfuko alikuja mbio siku hiyo, bangili imemwita yenyewe. Alipima, akatoka na Siwema nje.

"Dada, sukari inapanda na kushuka hovyo. Akiendelea siku chache hivi bila dawa, figo zitaanza kuchoka, na mguu ule tutaukata. Kuna nini humu ndani? Alikuwa mgonjwa wangu bora."

Siwema akamwambia atashughulikia.

*

Aliingia, akawaomba wanawake wampishe, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nisikilize. Shani hajafa. Ni mimi. Nililipa mchango wako kabla yake nikamtoa kwenye bangili. Niliona wivu, mama. Unampenda kuliko mimi na nilichoka kusikia sauti yake."

Alikuwa ameanza kulia kabla hajamaliza. Mama akanyanyua mkono wake mkavu, akaupitisha kwenye shavu la Siwema, juu, chini, kama anavyofutwa mtoto makamasi. Siwema hakukumbuka mara ya mwisho kuguswa hivyo.

"Mwanangu," mama akasema. "Unajipakaza ubaya ili mimi nisilie. Kumbe una moyo hivi, nami nilikuwa sioni."

"Mama, si hivyo, ni kweli..."

"Basi. Nimeshaelewa. Nimebaki na wewe tu, Siwema. Wewe ndiye mwanangu sasa."

Hayo ndiyo maneno ambayo Siwema angeyanunua kwa ndoo zote za asali ya Tabora. Alikuwa ameyasubiri tangu siku Shani alipozaliwa, yeye akiwa msichana wa kutosha kutumwa maji ya moto na kuambiwa akae nje. Na sasa yamekuja, yana joto, yana mkono wa mama ndani yake. Alijua anapaswa kubisha tena. Aliegemeza kichwa kwenye paja la mama, akanyamaza. Alikaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi. Niseme ukweli wake: ilikuwa tamu.

Siku iliyofuata mama alimshika mkono muda wote. Alimsimulia habari za utoto wake, za Siwema, si za Shani. Jinsi alivyochelewa kutembea, jinsi alivyomng'ata mkunga. Bi Chausiku aliposalimu alisema "Mama Siwema, pole," na Siwema akageuza uso ili wasione alivyofurahi. Lakini mama alisimulia kwa sauti inayopungua, na mkono uliomshika ulikuwa wa baridi, na alipojaribu kuinuka kwenda msalani, miguu ilikataa kabisa. Siwema alimbeba. Alishtuka jinsi alivyokuwa mwepesi.

Alipomlaza, mama akamwambia, "Usihangaike sana. Nikimfuata mwenzio, wewe utapumzika."

Siwema alitoka nje akiwa amevaa viatu visivyofanana, akaenda moja kwa moja kwa Machibya.

*

Machibya alikuwa wakala wa Mfuko, mtu wa makamo, kibanda chake kimejaa chaja na kalenda za zamani. Alimsikiliza bila kukatiza, kisha akajikuna kidevu.

"Dada Siwema, mwaka ni mwaka. Mfuko haujali."

"Lazima kuna njia."

"Ipo moja, hakuna anayeipenda. Tamko la Kurudisha. Unaomba kwa simu yako mwenyewe, unataja sababu. Bangili inalisoma mbele ya mwanachama na mashahidi wawili, halafu yeye anaweka dole gumba kukubali. Hapo mchangiaji wa mwanzo anarudi palepale."

"Mama hataniamini. Nimeshamwambia kwa mdomo."

"Hatakuamini wewe. Bangili je? Tamko linataja hali ya pande zote, sheria inasema hivyo. Mapigo ya moyo ya wale wa chini ya bahari yanaingia Mfuko kila asubuhi, kampuni inalazimishwa kuyaleta. Mfuko utasema yu hai au hayupo. Na kila mtu anajua Mfuko haumlipii maiti hata kwa nusu saa."

Siwema akashusha pumzi. Machibya akaongeza, huku anapanga chaja zake bila sababu:

"Ila bangili itasoma kwa sauti ya mchangiaji wa sasa. Yaani yako. Na haipunguzi neno. Kama kuna unalotaka libaki moyoni, fikiri kwanza."

Alifikiri njia nzima ya kurudi. Hakuogopa aibu ya mtaa; mtaa ungecheka na kusahau ukipata jambo jingine. Alichoogopa ni ule mkono. Akilisema tamko, mkono ungeondoka shavuni, na safari hii mama angejua sawasawa kwa nini anauondoa. Asipolisema, angekuwa mwana pekee wa mama yake, mpaka siku ya kumzika. Alisimama mbele ya mlango wao wa bati akauona uchaguzi wote mzima, hauna kona ya kujificha, na akauchukia.

Simu ilimpa orodha ya sababu: hali ya fedha, ugonjwa, kifo, mengineyo. Akachagua mengineyo. Simu ikamtaka aandike.

*

Chumba kilikuwa kimejaa. Mashahidi wawili walitakiwa, na walikuwepo kama kumi na tano, wamepanga miguu kwenye majamvi. Mama alikuwa amelala ubavu, macho nusu. Siwema hakuwafukuza. Alisimama miguuni pa kitanda akabonyeza.

Bangili ikawaka njano. Ikasema kwa sauti ya Siwema, kwa uchangamfu uleule iliotumia kukumbusha vidonge:

"Tamko la Kurudisha. Mimi, Siwema binti Mrisho, tarehe mosi ya mwezi huu nilimwondoa mdogo wangu Shani binti Mrisho katika nafasi ya mchangiaji wa mama yetu, bila yeye kujua, nikaweka sauti yangu. Sababu niliyoitaja: wivu. Nilitaka mama anisikie mimi peke yangu. Hali ya Siwema binti Mrisho: yu hai. Hali ya Shani binti Mrisho: yu hai, mapigo yake ya leo asubuhi yamepokelewa, ni ya kawaida. Mwanachama, weka dole gumba ikiwa umekubali."

Bi Chausiku alikuwa ameshika tasbihi, ikabaki inaning'inia.

"Rudia," mama akasema.

Bangili ikarudia lote, neno kwa neno, na wivu ndani yake. Siwema alitazama sakafu. Alisikia kitanda kinalia. Mama alikuwa anajiinua kwa kiwiko.

"Wivu?"

"Ndiyo, mama."

"Wivu tu?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. Alikuwa tayari kwa kofi, ikiwa mama ana nguvu ya kofi. Alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa laana. Usiku na mchana wa siku zile alikuwa amejiandaa, na ndani kabisa, mahali pasipo na haya, alikuwa anayangoja. Maana atakayelaaniwa na mama yake siku hiyo atakuwa yeye na si mwingine.

Kikasikika kigelegele. Kilikuwa chembamba, kilichokatika katikati kwa kukosa pumzi, kikaanza upya. Mama alikuwa amekaa, kanga imemwanguka mabegani, machozi yanamtiririka mpaka mdomoni.

"Jamani, ni wivu tu! Chausiku, umesikia? Hakufa mtu! Ni wivu tu, jamani, mwanangu yu hai!"

Chumba kikalipuka. Wanawake walishikana, wakacheka, wakalia, mmoja akaimba, mwingine akasema ile sufuria isirudi bure, uletwe mchele. Bi Chausiku alimkumbatia Siwema akamnyanyua juu. "Mtoto wewe umetutia hofu!" akamwambia, na tayari alikuwa amemwachia, anamkumbatia mwingine. Hakuna aliyemnunia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mama hakumtazama hata kidogo. Alikuwa ameshabandika dole gumba, na macho yake yote yalikuwa mkononi pake.

Bangili ikawaka kijani. "Mama yangu!" ikasema sauti yenye kicheko ndani yake. "Mbona hivi? Hujala tangu lini wewe?"

"Nakula sasa hivi, mwanangu. Sasa hivi! Nilikuwa na mambo ya kipuuzi tu."

Wivu ulimpanda Siwema kama siku ya kwanza, haukupungua hata tone. Hata hasira ya mama hakupewa. Alienda jikoni, akapasha uji, akauonja kama umepoa, akarudi akipenya katikati ya watu wanaocheka. Mama alipokea kikombe bila kugeuka, huku anamwambia Shani jinsi alivyoota vibaya. Kikacheza mikononi mwake, uji ukataka kumwagika. Siwema akakishika kwa chini, akakaa hivyo, ameinama, mpaka mama akamaliza wote na vidonge vyake viwili, kwa sababu mikono ya mama ilikuwa inatetemeka na Shani hakuwepo wa kumshikia.